Joto la Chini ya Nyumba ya Shangazi

Bondeni,
11 Februari

Kijiti wangu,

Salamu zote nimempa dereva wa mradi akufikishie kwa mdomo, ili karatasi hii ibaki kwa mambo ya maana. Ukiona amesahau nusu, mkumbushe, maana nilimtajia mmoja mmoja mpaka akaanza kuangalia saa. Simu usinipigie tena. Hapa mlima unaziba mtandao, na hata unapopatikana inanikata nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kusema.

Umeondoka hapa na masanduku mazima ya maji ya chemchemi yangu. Mama Pacha wa jirani ameniuliza kama huko mjini mabomba yamekauka. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu amesoma miaka yote ile ili aje kuthibitisha kwamba maji ya moto ni ya moto. Alicheka mpaka akamwaga beseni.

Sasa nijibu. Huko chini yana joto gani? Ya juu nayajua, yananiunguza kila asubuhi. Nauliza ya chini. Watu hapa wana maneno mengi. Wanasema utajengwa mtambo wa umeme, na kila nyumba iliyo ndani ya duara la wapimaji itahamishwa, wenyewe wajengewe nyingine kule wilayani karibu na hospitali. Yangu imo ndani ya duara. Kigingi kimoja wamekipiga palepale kwenye kamba yangu ya nguo. Nauliza tu, usije ukadhani nakosa usingizi.

Hoteli ya njia panda wameleta mashuka yao, na zahanati nao wameleta ya kwao. Nimefua yote.

Msalimie mkeo, mkaguzi wa lifti. Je, ya jengo lenu imepona, au bado anakagua za watu na kupanda ngazi za kwake?

Shangazi yako


Mjini,
19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dereva alinifikishia salamu moja tu, kwamba hujambo. Nyingine nadhani zilimwagika kwenye kona za mlima.

Kuhusu joto la chini, jibu fupi ni kwamba bado. Jibu refu ni hili. Maji yakikaa kwenye mwamba wa moto huyeyusha madini kidogo ya mwamba ule, na joto likizidi huyeyusha zaidi. Yakipanda juu yanapoa, lakini madini yanabaki ndani kwa muda. Sisi tunapima madini, tunakisia joto. Ndiyo maana nilikuwa nafukuza watu kwenye zile chupa nyeupe. Maji yale yasipochanganywa na maji safi palepale, madini hugandia chupani na hesabu inaharibika. Lakini hata ikienda sawa, hayo ni makisio. Ukweli utatoka kwenye kisima cha majaribio, ambacho kitaanza kuchimbwa mwezi ujao nyuma ya zahanati yenu.

Bondeni ni eneo moja kati ya saba tunayoyapima nchi nzima. Serikali inataka kujua ina joto kiasi gani chini ya miguu yake, na lifanyiwe nini: umeme mwingi, umeme kidogo, au kazi nyingine kama kukausha mazao na kupasha maji. Ni ripoti tu, Shangazi. Maneno ya watu yaache yapite.

Na hilo la kuhamishwa, ondoa wasiwasi. Nyumba ile ndiyo iliyonilea. Sijasahau nilivyokuwa naoga maji ya chemchemi kila asubuhi kabla ya shule, wenzangu wakitetemeka kwa baridi. Hakuna atakayekutoa pale nikiwa na kalamu mkononi.

Lifti bado. Mkaguzi anasema haruhusiwi kukagua lifti ya jengo analoishi mwenyewe, ni kinyume cha taratibu. Kwa hiyo tunapanda ghorofa tatu kwa mujibu wa sheria.

Wako,
Kijiti


Bondeni,
23 Machi

Kijiti,

Marahaba. Mitambo ya kuchimba imefika. Lori la mwisho liling'oa kona ya ukuta wa Mama Pacha, naye amefurahi kweli, sasa ana sababu ya kwenda ofisini kwao kila siku kunywa chai yao. Injini haizimwi. Msimamizi wa uchimbaji ni bwana mmoja mrefu, sauti imemwisha kwa kushindana na mashine, anaongea kama mtu anayekuambia siri.

Ameniletea ovaroli za wafanyakazi wake. Tope la kisima si tope la shambani. Lina dawa, linateleza, halitoki. Nimeloweka, nimepiga brashi, nimeloweka tena. Limetoka, ila na ngozi yangu imetoka nalo.

Wamepita pia wale wa kikosi cha kijamii cha mradi, wanaoandikisha watu wa kuhamishwa, mama mmoja wa miwani na mwenzake. Nyumba kwa nyumba, maswali matupu: umri, vyumba, nani anakutegemea, wewe unamtegemea nani. Nimewajibu. Yule wa miwani ni msikivu, alikaa na mimi mpaka mashuka yakakauka.

Hukunijibu joto. Umenieleza chupa. Mimi niliuliza namba.

Shangazi yako


Mjini,
2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa kwenye eneo la tano, kule kwenye mashamba ya chumvi, ambako hata dereva wetu haendi.

Kisima chenu kimefika mwisho, nadhani msimamizi amekunong'oneza. Unaweza kushangaa kwa nini hatupimi. Wakati wa kuchimba wanamimina maji baridi muda wote ili vyuma visiungue, kwa hiyo kisima kinatoka kimepoa. Lazima kifungwe, kiachwe kipumzike wiki kadhaa mpaka joto lake lirudi. Ukipima mapema unajidanganya mwenyewe. Mkurugenzi wetu hana subira hiyo. Kila asubuhi anasimama mlangoni mwa maabara akiuliza kama kimeamka.

Kuna jambo nimelifanya bila kukuuliza. Nilizungumza na yule mama wa miwani. Nilimwomba, ikifika siku ya kuhamisha watu, wewe uwe wa mwisho kabisa, na kama duara linaweza kupunguzwa upande wa kamba yako ya nguo, basi lipunguzwe. Alinitazama vibaya kidogo, akaniuliza kama nimeshazungumza na wewe. Nikamwambia nakujua tangu meno yangu ya utoto hayajang'oka.

Wako,
Kijiti


Bondeni,
9 Mei

Kijiti,

Mwambie yule mama aniache palepale aliponiweka. Usinisogeze.

Ovaroli zimekwisha.

Shangazi yako


Mjini,
17 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hii isome ukiwa umekaa, kwa sababu ni habari njema.

Kwanza nilikuficha kitu. Uliponiuliza joto mwezi wa pili, namba nilikuwa nayo mezani. Madini ya maji yako yalionyesha nyuzi mia mbili na kumi. Hilo ni joto la mtambo mkubwa wa umeme, na nilijua maana yake kwako. Nikanyamaza ili usianze kuugua kwa mawazo. Uliponiandikia "usinisogeze" nilielewa kwamba umeamua kuhama pamoja na majirani zako, bila upendeleo. Nilijivunia, lakini iliniuma sana.

Sasa sikiliza. Kisima kimepumzika, tumepima. Nyuzi mia na ishirini na sita, basi. Na jambo la ajabu ni kwamba ukishuka chini zaidi joto linapungua badala ya kuongezeka. Nimepima mara tatu kwa vipimo viwili tofauti, msimamizi akiwa shahidi. Siku ile nilipopita kwako sikukuambia, nilitaka hesabu zikae sawa kwanza.

Maana yake ni hii. Chukua nyumba mbili zilizopakana. Jiko la jirani lina bomba la maji moto linalopita chini ya sakafu yako. Ukikanyaga unasema jiko liko hapa. Ukifukua unakuta bomba, na chini ya bomba udongo wa baridi. Jiko lenyewe liko mbali, ndani kabisa ya mlima, ambako hakuna lori litakalofika. Zile mia mbili na kumi ni za jiko. Bondeni mna bomba.

Kwa hiyo hakuna mtambo mkubwa, na hakuna mtu wa kuhamishwa. Unabaki kwako.

Nyuzi hizo si haba. Zinatosha umeme mdogo wa zahanati na shule, kukausha mboga na mahindi, kupasha vitalu vya miche. Hiyo ndiyo sura ya ripoti niliyopewa kuandika, matumizi ya joto bila mtambo mkubwa, na nimepata mfano wa kuanzia. Ni wewe. Nimekuambatishia ukurasa wenyewe. Picha ni ile aliyopiga mpigapicha wetu siku ulipokuwa unasuuza mashuka. Chini yake nimeandika: "Mfano hai. Dobi mmoja wa bondeni ametumia joto la ardhi kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuni wala umeme. Wakazi wanaweza kuendelea kunufaika papo hapo walipo." Waziri atakuona, Shangazi.

Mkurugenzi hajafurahi. Anataka niandike "kati ya mia na ishirini na sita na mia mbili na kumi" ili mlango wa mtambo mkubwa usifungwe. Nimemwambia kisima kimeshasema. Ripoti inafungwa mwisho wa Julai.

Wako mwenye furaha,
Kijiti


Mjini,
5 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dereva amerudi mara mbili bila barua. Anasema bahasha uliipokea, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Anasema pia kwamba kamba yako haina nguo hata moja, na hilo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe.

Unaumwa? Au kuna kitu sikukieleza vizuri? Ukitaka nitakuandikia upya habari za bomba.

Wako,
Kijiti


Bondeni,
8 Julai

Kijiti,

Siumwi. Nimekasirika. Nilikuwa nangoja hasira ipungue ili niandike kwa ustaarabu, haijapungua, kwa hiyo soma hivyo hivyo.

Nani alikuambia nataka kubaki? Nitajie siku niliyosema. Nimeuliza joto mara mbili, na wewe mara mbili umenipa pole. Hata kuniuliza kwa nini nauliza, hukuniuliza.

Umenipiga picha nimeinama, ukaandika mfano hai. Mikono imefichwa na shuka, na hiyo ndiyo waziri angepaswa kuiona. Imepasuka mpaka kwenye viungo. Vidole havikunjiki. Vifungo vya blauzi ananifunga Mama Pacha kila asubuhi kama mtoto wa chekechea. Ni kweli maji yale hayataki kuni, lakini hayaulizi pia kama leo unaweza. Mashuka yakija, yamekuja. Na harufu ile ya mayai yaliyooza nalala nayo na naamka nayo. Nguo yangu ya harusini inanuka hivyo. Wewe ulifurahia kuoga pale kwa sababu ukimaliza ulikuwa unaondoka kwenda shule. Mimi nilikuwa nabaki na beseni.

Wale wa kikosi waliponiuliza kama niko tayari kuhama, niliweka sahihi kabla mama wa miwani hajamaliza swali. Mimi wa kwanza Bondeni nzima. Nyumba mpya, karibu na hospitali, sakafu ya baridi. Nimeitamani sakafu ya baridi, Kijiti, hujui. Beseni kubwa nimempa Mama Pacha tangu mwezi wa tano, na hoteli na zahanati nimewaelekeza kwake. Yeye ana binti wawili wenye nguvu na anaipenda kazi. Ndiyo maana kamba yangu ni tupu.

Sasa nakuuliza kitu kimoja, na sitakuuliza tena. Mia mbili na kumi uliipata mwenyewe, kwa chupa zako, si uongo. Mkurugenzi wako anataka uiandike. Mimi nataka uiandike. Nani anakuzuia? Weka zote mbili, waache wakubwa wachague.

Shangazi yako


Mjini,
14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia kwenye ngazi, na nilipoimaliza nilikaa palepale ghorofa ya pili mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Sikujua. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa nalinda utoto wangu, nikakufanya wewe mlinzi wake bila kukuambia. Naona aibu, na sina utetezi.

Namba siwezi kuiweka. Nikiandika mia mbili na kumi, watazivunja nyumba zote zilizo ndani ya duara. Wewe utafurahi, lakini Mama Pacha hataki kwenda popote, na mwalimu mkuu hataki, na wazee wa upande wa juu ndiyo kabisa. Kisha watachimba kisima cha pili na cha tatu, vitatoka kama hiki, na watu watakuwa wameshavunjiwa. Wote hao watakuwa wamehamishwa na kalamu yangu, nikijua. Nimejaribu kujishawishi kwa ajili yako, nakwambia ukweli, nimekaa na ile sentensi mbele yangu siku nzima. Imenishinda. Ukinichukia kwa hili nitakuelewa.

Ukurasa wa picha nimeutoa.

Nimefikiria tunavyoweza kufanya. Kuna mashine za kufulia zinazoweza kuunganishwa moja kwa moja na chemchemi, na mradi unaweza kuleta moja ya majaribio, ukawa unabonyeza tu. Kuna glavu nzito za maabara, jozi mbili zimo humu. Dawa ya mikono dereva ataileta safari ijayo. Kama tatizo ni harufu, dari inaweza kuwekewa bomba la kutolea hewa, sio kazi kubwa. Au kuna vyumba vya kupanga wilayani karibu na hospitali, ingawa huko hungekuwa na mtu unayemjua. Niambie ipi inakufaa, nitaishughulikia mara moja.

Wako,
Kijiti


Bondeni,
18 Julai

Kijiti,

Glavu nimezipata. Ni kubwa, nimempa msimamizi.

Habari ya namba nimekuelewa. Sijaipenda, lakini nimekuelewa, na sikuchukii. Usijisumbue na mashine.

Shangazi yako


Mjini,
25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi, mke wa Kijiti. Sijawahi kukuandikia, na hii naiandika kazini, juu ya paa la jengo la benki, nikimngoja mtu wa ufunguo wa chumba cha mashine. Mwandiko utanisamehe.

Barua zako huwa ananisomea. Ile ya tarehe 8 alinipa niisome mwenyewe, akatoka nje. Alichokujibu nilikuja kukiona baadaye, maana ana tabia ya kubaki na nakala ya kila anachoandika, kama ripoti. Niliisoma yote nikitafuta sentensi moja, sikuiona. Amekupa mashine, glavu, dawa, bomba la hewa na chumba cha kupanga. Hakukuambia uje kwetu.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Atakataa. Hajawahi kulala hapa zaidi ya siku mbili." Hilo ni kweli, Shangazi, na mimi miaka yote nimedhani hutupendi, au niseme mimi ndiye hunipendi. Kila ulipoanza kufunga mkoba wako nilikuwa nataka kukuambia ukae, nikajizuia nisije nikaonekana najipendekeza.

Basi nakuuliza mimi. Njoo ukae nasi. Chumba kipo, kimejaa masanduku ya mawe yake, lakini mawe hayachagui pa kulala. Ngazi ni nyingi, sitakudanganya. Nimemwandikia mwenye jengo kuhusu lifti, safari hii kama mpangaji, si kama mkaguzi, na nimetumia lugha ambayo kazini hairuhusiwi.

Mkweo


Bondeni,
30 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, nikafurahi kwamba Mama Pacha hakuwepo kuniona.

Wewe sijawahi kukuchukia hata siku moja. Nilikuwa naondoka siku ya pili kwa sababu mgeni wa siku mbili haulizwi anaondoka lini. Niliogopa siku ya tatu. Mimi Kijiti sikumzaa. Mwanamke aliyezaa anakwenda kwa mtoto wake na mkoba wake, anaweka sandali mlangoni, na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Mimi nilimlea tu, kwa kuwa kaka yangu alikufa na mtoto akaletwa kwangu. Sikutaka siku moja aniangalie aone nimekuja kudai malezi. Ndiyo maana niliipenda ile serikali na vigingi vyake. Serikali ikikuhamisha, hujamwomba mtu.

Kwa hiyo yule kijana alipokataa kuandika namba, mimi nilikuwa napoteza nafasi pekee ya kuondoka hapa nikiwa nimenyoosha shingo. Alinipa glavu.

Umeniita, na nakushukuru kutoka moyoni. Lakini nyumba hiyo ina watu wawili, na mmoja hajaniita. Usimwambie nilichoandika. Akija kuniita kwa kusukumwa nitajua, naujua mwandiko wake akiwa anatimiza wajibu.

Shangazi yenu


Mjini,
4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mkaguzi amepata barua kutoka kwako na amekataa kunionyesha. Ameniambia tu nikasome tena ile yangu ya tarehe 14. Nimeisoma. Nimekufanyia wewe kilekile ninachoifanyia nchi: nimepima, nimeandika njia zinazowezekana, nikangoja mwingine aamue. Hata pole yangu ilikuwa na vifungu.

Njoo ukae nasi. Si kwa ajili ya mikono, wala kwa sababu mtambo haujengwi. Hata kama mikono ingekuwa mizima ningekuita. Nimekukosa tangu siku uliyonipandisha basi kuja kusoma huku, na sikuwahi kusema, kwa sababu nilidhani nikisema utaona nalilia nyumbani badala ya kusoma. Eneo la bondeni lilikuwa na wataalamu wengine wawili wa kulichukua. Nililiomba mimi. Maji yale angeweza kuyachota yeyote.

Sijui kama utakubali. Naogopa utakataa, ndiyo maana mwezi uliopita nilikuandikia kila kitu isipokuwa hili. Kama utakataa, kataa, lakini ujue umeitwa.

Ripoti imefungwa kwa mia na ishirini na sita. Mkurugenzi ameitia sahihi bila kuniangalia usoni. Masanduku ya mawe nimeyarudisha maabara, na chumba nimekipaka rangi. Imekuwa nyeupe zaidi ya nilivyokusudia.

Kijiti


Bondeni,
12 Agosti

Kijiti,

Marahaba.

Jana wale wa mradi walituita uwanja wa shule wakatusomea matokeo. Mama wa miwani alisoma taratibu, kila mtu akaelewa. Hakuna atakayehama. Upande wa juu walipiga makofi, na wengine wachache hatukupiga. Wamesema wataanza na kikaushio cha mboga karibu na zahanati, na umeme mdogo baadaye, bajeti ikikubali. Mama Pacha aliinua mkono akauliza habari za mashine ya kufulia, maana alisikia kwangu. Wameandika jina lake. Binti zake wameshamwambia wataibonyeza kwa zamu.

Mwalimu mkuu alisimama akasema anamshukuru yule mtaalamu aliyeandika ukweli. Watu wakanigeukia mimi. Sikujua niweke wapi uso, kwa sababu nilikuwa nimekuomba uandike kinyume chake. Nimefurahi hukunisikiliza. Hilo nakuandikia mara moja tu, mdomoni hutalisikia.

Nakuja. Dereva amesema Ijumaa ana nafasi mbele. Siji kutembea, nakuja kukaa, na siku ya tatu mtanikuta mezani.

Sasa nikuambie jambo la mwisho kabla sijafunga bahasha. Mizigo yangu ilikuwa imefungwa tangu Aprili. Nilikuwa nalala katikati ya mafurushi nikingoja lori la serikali: sufuria zote, viti, kabati, ndoo, mpaka bawaba za mlango wa jikoni nilikuwa nimezilegeza. Ulipopita kuniona Juni siku mliyopima, nilianika kambani mashuka ya Mama Pacha, nikakutandikia mkeka uwani, nikakuambia ndani kuna panya. Hakukuwa na panya.

Jana nimefungua kila kitu, nikafunga upya. Mtu wa kuhamishwa anabeba vyote, maana hajui kama aendako atakuta hata kikombe. Mimi nimechukua begi moja la nguo. Vikombe mnavyo.

Shangazi yako